Siri Yako Unamficha Nani? Kuchagua Distro ya Linux Inayolinda Faragha Bila Kumchosha Mtumiaji

Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, swali moja limekuwa likinifikia mara kwa mara kutoka kwa walimu, makarani na wenye ofisi ndogo hapa Kampala: ni distro ipi ya Linux (yaani toleo lipi la mfumo huo endeshi ulio huria) inayolinda faragha kuliko zote, na ambayo mtu asiye fundi anaweza kuitumia? Swali hili lina sababu zake. Laptopu nyingi zinazouzwa madukani mwetu ni za mtumba, ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizokwisha kutumika katika maofisi ya ng'ambo, na nyingi kati yake hazikubaliki kwa Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Mwenye mashine ya namna hiyo anaweza kubaki na mfumo usiosasishwa, au kutafuta fedha za kununua nyingine, au kuhamia Linux. Na akishaamua kuhama, ni kawaida atamani kuhamia mahali ambapo hachunguliwi.

Hata hivyo, swali lenyewe limekaa upande. Faragha haipimwi kwa mizani moja kama gunia la mahindi. Ina siri, ina mwenye siri, na ina mtu ambaye mwenye siri hataki aijue, na huyo wa tatu asipotajwa, ushauri wowote utakaotolewa ni wa kubahatisha. Kinga inayomzuia mwizi aliyekupokonya begi kwenye teksi haimzuii hata kidogo muuzaji wa matangazo, na kinga inayomzuia mpelelezi wa mtandao inaweza kumchosha mwalimu wa Mbale hadi airudie Windows yake ya zamani baada ya wiki mbili, akiwa hana faragha yoyote na amepoteza muda.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja jina la distro yoyote, inafaa mtu ajiulize anamficha nani. Wako watu wa aina nne ambao Mganda wa kawaida mwenye laptopu hukutana nao. Wa kwanza ni mwizi. Wa pili ni mtu anayeishika mashine kwa ruhusa, yaani fundi, mfanyakazi mwenzake, au ndugu aliyekuja likizo. Wa tatu ni kampuni zinazokusanya habari za watumiaji ili kuzifanyia biashara. Wa nne ni yule anayeweza kuuona mtandao wenyewe: kampuni ya simu, mwenye wifi ya hoteli, na vyombo vya dola. Wengi wanaoniuliza huwa wanamfikiria huyo wa nne, kwa kuwa ndiye anayezungumzwa zaidi, ilhali waliowahi kuwadhuru ni wawili wa kwanza.

Linux kwa maana yake halisi ni kiini tu cha mfumo endeshi, kile alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida kwa lolote, sawasawa na injini iliyowekwa sakafuni bila gari. Ndiyo maana watu na makampuni mbalimbali hukichukua kiini hicho, wakakiongezea sura ya skrini, kivinjari, programu za ofisi, chombo cha kusakinishia na utaratibu wa masasisho, kisha wakaupa mkusanyo huo jina. Mkusanyo huo ndio distro. Jambo linalofuata kutokana na hayo ni kubwa kuliko linavyoonekana: Debian, Ubuntu, Mint na Zorin zina karibu injini ileile na viungo vilevile, na mbili za mwisho zimejengwa juu ya Ubuntu, ambayo nayo imejengwa juu ya Debian. Tofauti zake za faragha haziko ndani ya injini. Ziko katika mambo machache yanayoamuliwa na waandaaji: nini kimewashwa tangu mwanzo bila mtumiaji kuulizwa, nani anayelipia kazi, masasisho yanatoka kwa muda gani, na kama usimbaji fiche wa diski, unaoyafanya yaliyomo yasisomeke bila nywila, umewekwa mahali mtu anapoweza kuuona.

Ubuntu inafaa kuwa mfano wa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi na jina lake halihitaji mkalimani katika nchi ambamo watu wanasema obuntu bulamu kila siku. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini kupitia kampuni ya Canonical. Oktoba 2012, katika toleo la 12.10, Canonical iliweka kitu kilichowaudhi watumiaji wengi: neno lolote ambalo mtu aliliandika kwenye sehemu ya kutafutia mafaili na programu zake mwenyewe lilipelekwa kwenye seva za kampuni hiyo ili arudishiwe bidhaa za Amazon. Mtu aliyetafuta faili la barua yake ya daktari ndani ya kompyuta yake alikuwa anaitangaza barua hiyo nje bila kujua. Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa programu huria wa GNU, aliliita jambo hilo waziwazi kuwa upelelezi. Utaratibu huo ulizimwa kama chaguo la msingi katika toleo la 16.04 la mwaka 2016, na leo Ubuntu haifanyi hivyo. Inachofanya ni kumwomba mtumiaji mara anapoiwasha kwa mara ya kwanza aruhusu habari za mashine yake zitumwe, naye anaweza kukataa. Sioni sababu ya kuendelea kuihukumu Ubuntu kwa kosa la miaka mingi iliyopita, lakini kisa hicho kinaonyesha kwamba neno Linux halikingi chochote lenyewe, na kwamba kampuni yenye gharama za kulipa hushawishika hata ikiwa bidhaa yake ni huria. Kilichowaokoa watumiaji ni kwamba msimbo ulikuwa wazi, tabia yake ikaonekana mapema, na waliochukia walikuwa na pa kuhamia.

Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, haina kampuni mmiliki. Huendeshwa na watu wa kujitolea kwa katiba na uchaguzi. Wakati wa kuisakinisha, inauliza kama ungependa kushiriki katika takwimu za programu zinazotumika, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006 chini ya Clement Lefebvre, huendeshwa zaidi kwa michango ya watumiaji na wafadhili, na haikusanyi habari za matumizi. Tangu toleo la 20 la mwaka 2020, Mint pia imeuzima mfumo wa snap, ambao ni ghala la programu lililo mikononi mwa Canonical peke yake. Ukilinganisha haya na Windows, ambayo katika matoleo ya nyumbani hairuhusu kuzimwa kabisa kwa habari za uchunguzi zinazopelekwa kwa mtengenezaji, utaona kwamba dhidi ya mtu wa tatu, yaani kampuni, karibu distro yoyote inayoheshimika ni nafuu kubwa, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko mabishano yanayozizunguka.

Nirudi kwa mwizi na fundi, kwa sababu hao ndio walio karibu. Watu wengi huamini kwamba nywila ya kuingilia inayalinda mafaili yao. Hailindi. Ni sawa na bawabu aliyesimama mlango wa mbele wa nyumba isiyo na ukuta wa nyuma: mtu akiing'oa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, au akiiwasha laptopu ileile kwa flashi yenye mfumo wake, anayasoma yote bila kuulizwa neno. Miaka michache iliyopita nilimpelekea fundi laptopu iliyovunjika kioo bila kumwachia nywila. Nilipoirudia siku ya tatu, tarehe za mafaili zilionyesha kwamba picha za harusi ya dada yangu, ambazo mimi mwenyewe sikuwa nimezigusa mwaka mzima, zilinakiliwa kwenye folda nyingine wakati mashine ilikuwa mezani kwake. Kioo kilifungwa vizuri sana. Siri ya mtungi muulize kata.

Kinga ya hali hiyo ni usimbaji fiche wa diski nzima. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na LUKS, ambayo huyageuza karibu yote yaliyoko kwenye diski kuwa takataka isiyosomeka mpaka nywila iandikwe wakati wa kuwasha, hata kabla mfumo wenyewe haujaamka. Anayeing'oa diski anapata chuma tu. Habari njema ni kwamba chombo hiki ni cha bure na kimo ndani ya distro zote nilizozitaja. Habari isiyo njema ni kwamba wakati wa kukiwasha ni ule wa kusakinisha. Baadaye inawezekana, lakini kwa mtu wa kawaida inamaanisha kuhamisha mafaili na kuanza upya. Kwenye Mint, chaguo hilo limejificha kidogo: unapofika hatua ya kufuta diski na kusakinisha, kuna kitufe cha chaguo za ziada, na ndani yake unachagua LVM kisha unaweka alama ya kusimba. Asiyekijua kitufe hicho hukipita, na mafundi wengi wanaowasakinishia watu Linux kwa malipo hukipita kwa makusudi, kwa sababu kinawarefushia kazi. Ukimpa mtu kazi hiyo, lidai jambo hili mapema na uiandike nywila wewe mwenyewe.

Wasiwasi wa kwamba usimbaji utaifanya mashine kuukuu itambae hauna uzito kwa laptopu nyingi zilizoko sokoni. Prosesa za Core i5 na i7 za muongo uliopita zina maelekezo maalumu ya kufanyia hesabu za usimbaji wa aina ya AES ndani ya chipu, hivyo upungufu wa kasi hauonekani kwa jicho. Mipaka ya LUKS iko kwingine, na inafaa ielezwe bila kupunguzwa. Kwanza, inalinda mashine iliyozimwa. Laptopu iliyofunikwa tu ikalala bado inashikilia ufunguo kwenye kumbukumbu yake, kwa hiyo anayesafiri usiku kwa basi kutoka Kampala hadi Arua afanye mazoea ya kuizima kabisa kabla ya kuiweka kwenye begi. Pili, hakuna kitufe cha kusema nimesahau nywila, wala hakuna ofisi ya kupiga simu. Nywila ikipotea, mafaili yamepotea. Tatu, diski inayokufa huondoka na vyote vilivyomo, iwe imesimbwa au haijasimbwa, hivyo nakala ya akiba kwenye diski ya nje, nayo ikiwa imesimbwa, haikwepeki. Nne, kinga hii ni ya kiufundi na haifuti sheria: Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 ya kudhibiti uingiliaji wa mawasiliano ina kifungu kinachowezesha mwenye ufunguo wa taarifa zilizosimbwa kutakiwa azifichue.

Kwa ofisi, jambo hili limeshavuka mipaka ya hiari. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 1995 kinalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa, na azijulishe mamlaka zinapofikiwa na asiyehusika. Fikiria karani wa SACCO huko Jinja ambaye laptopu yake ina nakala za vitambulisho vya taifa vya wanachama, namba zao za simu na mikopo yao. Ikiibwa ikiwa haijasimbwa, kinachoibwa ni wanachama wote. Ikiibwa ikiwa imesimbwa na imezimwa, SACCO imepoteza chombo cha shilingi laki kadhaa.

Baada ya hayo, kuchagua distro kunakuwa rahisi. Kwa mtu anayetoka Windows na anayetaka kuficha siri zake kwa mwizi, fundi na kampuni, ushauri wangu ni Linux Mint, kwa sura ya Cinnamon ikiwa mashine ina RAM ya gigabaiti 8, au kwa sura ya Xfce ikiwa ina 4. Menyu iko chini kushoto pale mtu alipoizoea, masasisho hayalazimishwi katikati ya kazi, na mfululizo wa 22 utapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029, muda unaotosha kabisa kwa laptopu ya mtumba kumaliza maisha yake. Najua wako watakaosema kwamba Mint ni ya wanaoanza. Ndivyo, na faragha ya anayeanza haivunjwi na kukosa utaalamu wa distro yake. Inavunjwa na mfumo unaomchosha hadi aache kusasisha, au azime kinga moja baada ya nyingine ili kazi iende.

Debian inamfaa anayetaka utulivu zaidi na asiyependa kampuni yoyote nyuma ya mfumo wake. Zamani ilikuwa ikiwakatisha tamaa watu kwa kutotambua kadi za wifi, lakini tangu toleo la 12 la mwaka 2023 chombo chake cha kusakinishia hubeba draiva hizo, na toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Bado linamtaka mtumiaji asome kidogo. Fedora ni nzuri na salama, ila hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita na kila toleo huhudumiwa kwa mwaka mmoja na zaidi kidogo; kwa mtu anayenunua intaneti kwa bando, kupakua mfumo karibu wote upya mara kwa mara ni gharama ambayo waandishi wa ng'ambo hawaihesabu. Zorin inafanana na Windows kuliko zote na ina toleo la bure linalotosha.

Upya wa programu nao si baraka wakati wote. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba ndani ya xz, chombo kidogo cha kubana mafaili kinachotumika karibu kila mahali kwenye Linux, kulikuwa kumepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejifanya mchangiaji mwema kwa muda mrefu. Matoleo yaliyokuwa yameupokea mlango huo yalikuwa yale ya majaribio na yale yanayokimbilia kila kipya. Debian ya kawaida, Ubuntu na Mint hazikuwa zimefika huko. Uzito wao wa kupokea mapya, unaolalamikiwa na vijana, ndio uliowakinga.

Watu wengi hufikia hatua hii wakauliza mbona sijataja Tails na Qubes, ambazo ndizo zinazoongoza katika kila orodha ya distro za faragha. Sijazisahau, zinamhusu mtu wa nne, na si kila mtu anayezihitaji. Tails, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2009 na ambayo mwaka 2024 iliungana na Mradi wa Tor, haisakinishwi kwenye diski. Inaishi kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, mawasiliano yote yanapitishwa kwenye mtandao wa Tor, unaoyazungusha kupitia seva kadhaa ili anayewasiliana asijulikane, na ukizima mashine inasahau kila kitu isipokuwa ulichokiweka kwa makusudi kwenye sehemu iliyosimbwa ya flashi. Mwandishi wa habari wa Gulu anayekutana na chanzo cha habari kinachoweza kuumizwa ana kila sababu ya kuwa nayo. Mwalimu anayetayarisha mitihani hana, kwa sababu Tor ni ya polepole, tovuti nyingi za benki humtilia shaka anayefika kupitia njia hiyo, na mfumo unaosahau kila kitu kila jioni ni adhabu kwa mtu asiye na cha kusahau. Ikumbukwe pia kwamba Tor huficha unachokifanya, lakini kampuni ya simu bado inaweza kuona kwamba unatumia Tor, isipokuwa umechagua madaraja yaliyotengenezwa kuuficha ukweli huo.

Qubes, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2012 chini ya uongozi wa Joanna Rutkowska, ina wazo zuri sana: kila shughuli hupewa chumba chake kilichotengwa, barua pepe humu, benki mle, faili la kutiliwa shaka kwingine, ili chumba kimoja kikiingiliwa vingine visidhurike. Inashauriwa mashine iwe na RAM ya gigabaiti 16, na Qubes inamdai mtumiaji afikiri kabla ya kila hatua. Laptopu nyingi ninazozizungumzia haziwezi kuibeba. Kuhusu Kali, ambayo vijana wa vyuo huisakinisha kwa sababu ya joka la nembo yake, neno moja linatosha: hicho ni kisanduku cha vifaa vya kupimia usalama wa mifumo ya wengine, na hakikutengenezwa kuwa nyumba ya kuishi.

Mtu wa nne ndiye pia anayeonyesha mahali ambapo distro inakoma. Januari 13, 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote, na ikarudi baada ya siku kadhaa. Facebook iliendelea kuzuiwa. Katika siku zile hakukuwa na tofauti kati ya mwenye Qubes na mwenye Windows 7. Hakuna mfumo endeshi unaoweza kupitisha ujumbe kwenye waya uliokatwa. Kilichofuata ni kwamba watu wengi walijaza VPN za bure kwenye simu na kompyuta zao, na hapo faragha ilipata jeraha jingine: VPN haiondoi macho kwenye mawasiliano yako, inayahamisha tu kutoka kwa kampuni ya simu iliyosajiliwa hapa hadi kwa kampuni usiyoijua, ambayo nayo, ikiwa haikudai senti, inabidi ipate fedha kwa njia nyingine. Mtu anayejisifu kwa distro yake huku trafiki yake yote ikipita kwa mgeni asiye na jina amefunga mlango akaacha dirisha wazi.

Kivinjari ni hivyo hivyo. Ukiingia kwenye akaunti ya Google ukiwa juu ya Debian, Google inajua ulichokitafuta kama ambavyo ingejua ukiwa juu ya Windows. Firefox inayokuja na Mint inahitaji dakika tano za marekebisho: kuzima utumaji wa takwimu kwa Mozilla katika mipangilio ya faragha, kuchagua ulinzi mkali dhidi ya wafuatiliaji, na kuongeza uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo. Na simu, ambayo kadi yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na ndiyo yenye pesa, picha na mazungumzo, haiguswi na lolote katika makala hii.

Kuna kikwazo cha kazi ambacho ni vyema mtu akikabili kabla ya kufuta Windows. Programu kadhaa za uhasibu zinazotumika katika maduka yetu hazina toleo la Linux, na majedwali ya Excel yenye makro huenda yasifanye kazi ndani ya LibreOffice. Ndiyo sababu inafaa kuiwasha Mint kwa flashi na kuitumia siku mbili tatu bila kusakinisha, ukijaribu wifi, printa, kamera na yale mafaili ya ofisi yenye ukaidi. Jaribio hilo halibadilishi chochote kwenye diski.

Faili la Mint lina ukubwa wa karibu gigabaiti 3, na wengi huona ni nafuu kununua flashi iliyokwisha kutayarishwa au kumwomba rafiki nakala. Sikatazi, ila nakala hiyo inahitaji kuthibitishwa. Februari 20, 2016, wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe wakabadilisha kiungo cha kupakulia, na waliopakua siku ile walipata mfumo wenye mlango wa siri ndani yake. Kama tovuti ya wenyewe iliweza kuchezewa, flashi ya dukani inaweza zaidi. Uthibitisho hufanywa kwa hashi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili, ambao hubadilika kabisa hata baiti moja ikibadilishwa. Ukiwa bado kwenye Windows, agizo la certutil hukupa hashi ya SHA256 ya faili ulilo nalo; unailinganisha na iliyochapishwa na Mint, kwa kutumia bando dogo tu, kisha unaliandika faili kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Wenye kisa kama cha 2016 akilini huthibitisha pia saini ya kidijitali iliyowekwa juu ya orodha ya hashi, kwa sababu aliyeibadilisha tovuti anaweza kuibadilisha na orodha. Nashangaa jinsi watu wanavyoiruka hatua hii, wakati Windows iliyokuja na laptopu yao ya mtumba mara nyingi iliwashwa kwa leseni ya wizi na programu ambayo hata muuzaji hajui ilitoka wapi.

Imebaki nywila ya diski. Maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyochanganywa kwa Kiswahili, Luganda na Lugbara ukipenda, ni magumu kukisia kuliko neno moja lililojazwa alama, na hukaa kichwani vizuri zaidi. Yaandike mara moja kwenye karatasi, uitie karatasi hiyo kwenye bahasha, na uiweke pale unapoweka mkataba wa kibanja.